Mahindi Yaliyopandwa Vuli

Watu wengi husema wamesamehe kwa sababu wamechoka kukumbuka. Mimi sikuchoka. Mtu ninayemsimulia hapa nilimpenda kama kaka wa tumbo moja, na nilipomlipa alichonitendea, nilimlipa kwa mkono mtulivu.

Niliingia Mombasa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka vijiji vya nyuma ya Kilifi, na shahada ya kilimo ambayo kwetu hakuna aliyejua niifanyie nini. Nilipata kazi katika ofisi ndogo ya utafiti wa mazao pale Tononoka. Jengo lilikuwa la ghorofa moja, lina paa tambarare tulilolitumia kuanikia mahindi, na nyuma yake palikuwa na kiwanja kilichozungukwa na majani marefu. Chumba cha kulala nilipanga Mji wa Kale, kwa bibi mmoja mjane aliyeishi ghorofa ya juu peke yake. Dadake wa pekee alikaa mlango wa pili, lakini walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kitanda cha mama yao. Bibi huyo nitamrudia.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta mahindi ya kumfaa mkulima wa pwani. Mbegu nzuri zilizokuwa zikiuzwa nchini zilikuwa zimetengenezewa baridi ya bara. Ukizipanda huku zinapanda juu kwa kasi, zinapigwa na joto, zinakupa hindi la kutafuna jioni moja. Sisi tulitakiwa kutengeneza mbegu chotara ya hapa hapa.

Nieleze kidogo, maana bila hili kisa changu hakina uzito. Unauchukua mmea mmoja wa mahindi, unalifunika hindi lake changa kwa mfuko wa karatasi kabla nywele hazijatoka, na ua lake la juu unalifunika vilevile. Nywele zikishatoka unalikung'uta lile ua, unapata vumbi la manjano, unalimwagia nywele za mmea uleule. Mmea umejizalisha wenyewe. Msimu unaofuata unapanda watoto wake na kuwafanyia hivyo hivyo, kisha wajukuu, kisha vitukuu. Kila kizazi kinazidi kuwa kifupi na kinyonge, lakini kinazidi kufanana, mpaka unapata ukoo mzima ambao mimea yake ni kama pacha. Mtu asiyejua akiuona atakuuliza shamba lako lina ugonjwa gani. Siku unapochukua vumbi la ukoo mmoja mnyonge na kulimwagia nywele za ukoo mwingine mnyonge wa asili ya mbali, mtoto wao anainuka akawapita wazazi wote wawili. Urefu wa hindi unatoka kwa huyu, uzito wa punje kwa yule, na nguvu hujui imetoka wapi. Kazi ni kujua nani umwoze nani. Unaweza kujaribu ndoa mia na zote zikatoka bure.

Yule niliyempenda kama kaka na mimi tuliajiriwa msimu mmoja. Tulikuwa na elimu sawa na meza zetu zilitazamana. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na mkewe alikuwa mpishi. Ijumaa nyingi nilikula kwao, na mama huyo alikuwa akinifungia chakula cha kupeleka nyumbani kana kwamba Mji wa Kale hakuna jiko. Asubuhi tulivuka daraja pamoja kwenda kwenye shamba letu la majaribio upande wa kaskazini, tukafunika maua, tukarudi mchana mabega yetu yamejaa vumbi la manjano. Tulikubaliana kila mtu ashughulikie koo zake, na tusaidiane kutazama.

Mama wa mahindi yangu nilimtoa kwenye mbegu za kwetu, zile za punje ngumu ambazo wazee wetu walipanda kabla ofisi yoyote haijajengwa. Baba yake alitoka bara, mwenye hindi refu na punje pana. Niliwalea hao wawili misimu mingi, yote ya masika. Nilipowaoza, mtoto alitoka akanishangaza. Kila shina lilibeba hindi lililojaa hadi nchani, majani yakiwa yamekunja mikono juu kama watu walioridhika. Tulipopukuchua juu ya paa na kupima, nilipima tena nikidhani mizani imekwama.

Nilimwita yeye kwanza. Sikumwita mkurugenzi.

"Kaka, njoo uone."

Alizitia punje kiganjani, akazitazama kwa muda mrefu. "Umewaoza akina nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia mama ni yupi na baba ni yupi, na safu zao ziko wapi shambani. Kwa nini nisimwambie?

Msimu uliofuata yeye alikuwa masomoni ng'ambo, nami nikawapanda wale wazazi wawili wakati wa vuli ili niongeze mbegu zao. Hapo ndipo nilipomjua baba vizuri. Vuli ya pwani ina vijidudu vidogo virukavyo, vinavyotoka kwenye majani na mashamba yaliyokauka ya masika, vikija kufyonza mahindi machanga. Vinaacha ugonjwa wa milia. Jani linachorwa mistari myeupe kutoka shinani hadi nchani, mmea unadumaa. Mama alisimama kijani. Baba alichorwa vibaya, safu nzima. Nikajua mtoto wao naye hatasalimika akipandwa vuli, na kwamba kazi yangu haijaisha. Itanibidi nimtafutie baba damu yenye kinga, kisha nimrudishe polepole kwenye umbo lake. Ilikuwa kazi ya misimu kadhaa, lakini haikunitisha. Nilipanga kaka akirudi nimweleze tuifanye pamoja.

Alirudi, na jambo la kwanza nililolisikia ni kwamba amefanywa mkuu wa sehemu yetu. Nilifurahi. Nilimpelekea halua. La pili nililisikia kwa mkurugenzi mwenyewe, alipokuja ofisini akitoka Kizingo, mtaa wa wakubwa, na gari lake jeupe, akamshika mkono mbele yetu sote.

"Hongera kwa mahindi yako. Kule bara kwenye mkutano hawakuwa na la kuzungumza isipokuwa hayo."

Nilidhani kuna mahindi mengine. Mpaka mkurugenzi alipowataja mama na baba. Walikuwa wamepewa alama mpya, zenye herufi za kwanza za jina lake, lakini mtu hawezi kuelezewa watoto wake asiwatambue. Nilimtazama kaka. Alikuwa akitazama dirishani.

Jioni nilimfuata mezani kwake. "Yale ni mahindi yangu."

"Ni ya kitengo," alisema. "Mtu lazima ayasimamie. Wewe ungesimama mbele ya watu wale useme nini? Utakuwa msaidizi wangu kwenye tathmini. Jina lako litatajwa."

"Wapi?"

"Mwishoni. Kwenye shukrani."

Nilikwenda Kizingo kumwona mkurugenzi. Nilitembea, maana sikutaka kupanda gari na mtu yeyote akaniona nalia. Alinisikiliza kwa adabu, akaniagizia chai. Kisha akasema, "Mama, mahindi ni ya ofisi. Leo yana jina lake, kesho yatakuwa na jina lako. Kazi ni moja." Aliinuka kabla mimi sijamaliza chai, nikaelewa kwamba shauri limekwisha.

Nilipofika nyumbani bibi mwenye nyumba alikuwa kibarazani akichagua mchele. Aliniangalia mara moja tu.

"Ndoo ukae. Nani kafa?"

Nikamweleza. Ilichukua muda, kwa sababu hakuelewa jinsi mtu anavyoweza kuiba mahindi bila kuyabeba. Nilipomfananishia na mtu aliyechukua mtoto wako, akamwandikisha shuleni kwa ubini wake, akakufanya wewe yaya, hapo alisukuma ungo kando.

"Na wewe wangoja n'ni?"

"Sina la kufanya, bibi."

"Huna?" Alicheka kwa pua, akaelekeza kidevu mlango wa dadake. "Mimi yule pale yuwalala kitanda cha mamangu mwaka wa tisa huu. Kila Idi napika sahani ya kila nyumba mtaa huu, namruka yeye. Harufu yamfika, sahani haimfiki. Hilo si la kufanya?" Akalivuta tena ungo. "Usipige kelele. Mtu akipiga kelele, mwenziwe hujikinga. Wewe nyamaza, umtazame atakapokanyaga."

Niliingia ndani. Nilikula vizuri siku hiyo, na nikiwa nakula nikakumbuka vuli.

Yeye alikuwa masomoni. Hakuiona ile safu ya baba ilivyochorwa. Alichojua ni masika tu.

Wiki chache baadaye tuliitwa kwenye kikao cha kupanga tathmini. Mkurugenzi alikuwepo. Kaka alieleza mpango wake: vishamba vya masika, kwenye udongo mzuri, halafu siku ya wakulima na wageni. Alimaliza akauliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida mimi nilikuwa naandika tu.

"Nina neno dogo," nilisema. "Mkulima wa pwani hupanda mara mbili, masika na vuli. Tukimpa mbegu tuliyoipima msimu mmoja, atakuja kutuuliza. Mimi naona tuipime vuli, msimu mgumu. Ikishinda vuli, nani atabisha? Na tuipande hapa hapa nyuma ya ofisi, wageni wasisumbuke kuvuka. Karibu yake tupande mahindi ya kienyeji na mbegu nyingine zinazouzwa, kwa kulinganisha, zichanganywe kwa kura, kila aina irudiwe mara kadhaa."

Mkurugenzi aligonga meza. "Hilo ni wazo la mtu anayefikiri."

Kaka aliniangalia. Nadhani kwa dakika hiyo alihisi kitu, kama mtu anavyohisi ngazi imelegea lakini ameshaikanyaga. Angeweza kukataa. Lakini ili akatae ilimbidi aseme kwa nini, na ili aseme kwa nini ilimbidi awajue wale wazazi kama mimi nilivyowajua.

"Sawa," alisema. "Vuli."

Watu niliowahi kuwasimulia huniuliza kama nilifanya hila shambani. Sikufanya. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Nilipanda kwa kamba iliyonyooka. Mbolea niliigawa sawa, mahindi yake na ya wengine, na ya mahindi yake niliitia kwa mkono wangu mwenyewe ili asije akasema vibarua walipunja. Nilipalilia na mimea iliyokufa niliipandia nyingine kwa wakati. Lolote ambalo mtafiti mwaminifu hufanya, nililifanya mara mbili. Nilitaka yaanguke yenyewe, kwa urithi wao, mbele ya macho ya watu, wala pasiwe na mkono wa kulaumiwa.

Mvua ilikuja, ikakatika, ikaja tena. Majani marefu yaliyozunguka kiwanja yakaanza kukauka kingo. Asubuhi moja nilikuwa naingia kati ya safu zake nikaona jani changa lenye mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilichuchumaa. Nililigeuza jani lile, nikapitisha kidole juu ya ule mstari, nikatabasamu peke yangu.

Nisidanganye, kuna kitu kiliniuma pia. Yalikuwa mahindi yangu. Nilikuwa nimemfunika baba yao kwa karatasi msimu baada ya msimu, nikimkinga na vumbi la wengine kama mtu anavyomkinga mwari. Kila asubuhi nilipopita nikakuta mmea mwingine umechorwa, nilifurahi na nikaumwa, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Kaka alianza kuja kiwanjani. Kwanza kila juma, kisha kila siku. Alikata majani, akayapeleka kwenye mwanga. "Hii ni njaa ya mbolea?" aliniuliza.

"Mbolea ni sawa kote. Tazama ya jirani."

Mahindi ya kienyeji yaliyokuwa ubavuni yalikuwa kijani kibichi, yanatikisika.

"Ni milia," alisema.

"Ndiyo. Inaonekana ni milia."

"Uliwahi kuiona kwa wazazi wake?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu siku ya kikao. "Kaka," nilisema, "wazazi wake si ni wako?"

Alisimama pale na jani mkononi. Mimi nikaendelea kupima urefu wa mashina.

Alijaribu kuahirisha siku ya wakulima. Mkurugenzi alikataa, kwani wageni walishaalikwa. Wakaja, wengine na magari ya Kizingo, wengine kwa miguu kutoka stendi, na wakulima walioletwa kutoka vijiji vya nyuma ya Kilifi, watu wa kwetu. Mahema yalipigwa. Mahamri na chai ya tangawizi vilikuwepo. Kaka alikuwa amevaa suti. Aliongoza msafara akitembea haraka, akisema sana kuhusu hali ya hewa.

Walipofika kwenye safu zake, mama mmoja mkulima aliyejifunga leso kiunoni alijitoa kwenye kundi. Alikuwa wa umri wa mamangu. Alilimenya hindi moja, dogo, lenye mapengo kama mdomo wa mzee. Akalimenya na la kienyeji lililokuwa jirani, akayaweka sambamba.

"Hii ndiyo mbegu mpya?"

"Ndiyo, mama, lakini msimu huu..."

"Na hii ndiyo ya kwetu?"

"Ndiyo."

"Basi ahsanteni," alisema, "mmenisafirisha mbali kunionyesha nilichonacho nyumbani."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini wageni wakubwa walicheka pia, na mkurugenzi aligeuka rangi. Akamuuliza kaka, kwa sauti ya wote kusikia, baba wa mahindi hayo ni wa asili gani na kwa nini udhaifu wake haukujulikana mapema.

Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na hema. Nilijiambia atatafuta uongo. Badala yake aligeuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaninyooshea mkono.

"Kusema kweli, mheshimiwa, mahindi haya yalianzishwa na dada yetu yule. Wazazi wote wawili ni wake. Mimi nilisimamia tu."

Alikuwa ananitupia maiti. Lakini hakusikia alichokisema mpaka kilipokwisha kumtoka. Niliona uso wake ulivyobadilika. Watu wote wakageuka kunitazama.

"Ni kweli," nilisema, nikasogea mbele. "Ni yangu. Wazazi niliwalea mimi, na ndoa niliifanya mimi. Namshukuru kaka kwa kulisema hilo mbele ya wageni, maana bara alisahau. Na lau ningeulizwa kabla hayajapelekwa kwenye mkutano, ningesema hayajawa tayari. Baba ana udhaifu wa milia. Niliuona zamani."

"Uliuona?" Mkurugenzi alinijia karibu, akashusha sauti. "Na hukusema?"

"Nilikuja kwako, mzee. Uliniambia mahindi ni ya ofisi. Nikaiachia ofisi."

Aligeuka akawarudia wageni wake. Yule mama mkulima alikuwa akinitazama kwa jicho la mtu anayejua vizuri sana kinachoendelea, kisha akaenda kujichukulia mahamri.

Sikupata cheo. Nisiifanye hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Mahindi yangu yalifutwa, na wazazi wao wakaamriwa waondolewe shambani kwa sababu jina la kitengo lilikuwa limechafuka. Nilimng'oa yule baba kwa mikono yangu, safu moja baada ya nyingine. Mkurugenzi hakunipa tena kazi ya maana kwa muda mrefu, kwa kuwa alijua ninajua. Mkuu mpya aliletwa, mtu baridi wa mahesabu, nami nikaanza upya na koo nyingine.

Kaka alihamishwa. Aliandikiwa kituo cha mbali huko bara, cha mtama.

Siku aliyoondoka nilikwenda Mwembe Tayari, kwenye stendi ya mabasi ya bara. Nilikwenda kwa kusudi. Nilivaa buibui jipya, nikasimama mahali ambapo asingekosa kuniona, kati ya wauza maji na mizigo ya watu. Mabasi yalikuwa yakinguruma. Yeye alikuwa akipandisha masanduku kwenye paa, shati limemganda mgongoni. Mkewe alikuwa chini na mtoto mgongoni. Niliposogea kumpa mkono, mama huyo aliyenilisha Ijumaa zote zile aliutazama mkono wangu, kisha akaupa kisogo. Nakiri hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimemweka mumewe peke yake kwenye hesabu yangu.

Kaka alishuka, akajifuta mikono.

"Sabalkheri," alisema.

"Sabalkheri, kaka."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukutazama ukienda."

Alitikisa kichwa. Alikuwa amekonda. "Ungeniambia kuhusu baba. Neno moja tu. Tungeyarekebisha sote wawili, yangefika mbali."

"Nilipanga kukwambia. Halua niliyokuletea siku ile, nilikuja na maneno hayo pamoja nayo. Ulikuwa na wageni, ukanipokea mlangoni."

Alifikiri. Nadhani aliikumbuka ile halua. "Basi umefurahi?"

"Sana," nilimwambia, na ilikuwa kweli.

Utingo akapiga bodi la basi, wakapanda. Nilisubiri mpaka basi likaondoka, likapita mbele yangu, nikamwona dirishani akitazama mbele na mkewe akimfunika mtoto jua kwa ncha ya leso. Kisha nikarudi kwa miguu mpaka Mji wa Kale, nikanunua mkate wa mofa njiani nikaula ungali moto. Bibi alikuwa kibarazani. Aliniuliza kama kaenda. Nikamwambia kaenda. Akanisogezea kigoda, tukachagua mchele pamoja mpaka adhana ya alasiri.